Kutuni injini ya tabo ukiwa Tabora: barabarani au kwenye dainamomita?

Mkazi wa Tabora akishabadilisha tabo (mashine inayosukumia injini hewa ya ziada), nozeli na bomba la moshi la gari lake, hubaki na swali ambalo spana haiwezi kulijibu: kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, itafundishwa wapi kiasi kipya cha petroli na wakati mpya wa cheche? Njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kuunganisha kompyuta mpakato na gari, kisha kutuni barabarani, hapa hapa nyumbani. Ya pili ni kusafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam na kulipandisha gari kwenye dainamomita, ile mashine ya mapipa ya chuma ambayo gari hukimbia juu yake bila kusogea hata hatua moja. Nimezipitia zote mbili kwa gari moja, Subaru Forester yenye injini ya EJ205 ya lita mbili, na kila njia ilinionyesha kosa ambalo nyingine ililificha.

Kabla ya kuzilinganisha, ni vizuri kukubaliana juu ya maana ya neno lenyewe. Kutuni ni kujaza majedwali yaliyo ndani ya kontroli boksi. Upande mmoja wa jedwali kuna mizunguko ya injini kwa dakika, upande mwingine kuna mzigo, na katika kila kisanduku huandikwa namba ya petroli au ya cheche. Petroli huungua yote bila hewa wala mafuta kubaki pale ambapo gramu 14.7 za hewa hukutana na gramu moja ya mafuta; lakini injini ya tabo ikiwa imesukumwa mpaka mwisho huhitaji mafuta mengi zaidi, kwa kawaida kati ya 11 na 12 kwa moja, ili joto lisipande kupita kiasi. Cheche nayo ikitangulia mno, mchanganyiko ambao bado haujafikiwa na moto wa plagi hulipuka wenyewe, na huko ndiko mafundi wanakoita kugonga. Injini inayogonga chini ya msukumo mkubwa haimwombi mtu ruhusa: kingo za pistoni zinazoshikilia ringi hupasuka, na wewe ulikuwa unasikiliza redio.

Hewa ya Tabora na hewa ya Dar

Jambo ambalo wauzaji wa vipuri hawalitaji kabisa ni kwamba Tabora iko juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo kanieneo ya hewa ni karibu kilopaskali 88, ilhali Dar es Salaam ni 101. Kigoma, iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, iko katikati, kwenye kiasi cha 92. Tofauti hii ndiyo inayoamua sehemu kubwa ya ulinganisho huu, kwa hiyo naomba msomaji avumilie hesabu kidogo.

Tuchukue gari ambalo msukumo wa tabo, au busti kama tunavyoizoea, unadhibitiwa na springi ya westigeti peke yake (westigeti ni mlango unaopunguza moshi unaozungusha tabo), na springi hiyo hufunguka kwenye kilopaskali 70. Springi haijui mwinuko. Yenyewe huongeza 70 juu ya hewa iliyopo. Tabora injini itapata 88 na 70, yaani 158. Gari hilo hilo likishuka Dar litapata 171, ongezeko la asilimia nane hivi. Maana yake ni kwamba gari lililotuniwa Tabora pekee likifika Pwani litaingia kwenye visanduku vya jedwali ambavyo hakuna aliyewahi kuvijaribu, na namba zilizomo humo ni za kukisia. Gari lililotuniwa Dar likipanda Tabora halina shida hiyo, kwa sababu 158 iko ndani ya eneo lililokwisha kupimwa. Litapungukiwa nguvu tu. Hata kontroli boksi inayopima uzito wa hewa badala ya msukumo haikwepi jambo hili, kwa kuwa hewa nzito ya Pwani huipeleka kwenye visanduku vya juu vile vile.

Mambo hugeuka iwapo busti inadhibitiwa na kompyuta inayolenga msukumo kamili, yaani hewa ya nje na ya tabo zikijumlishwa, tuseme 180. Huko Dar tabo huizidisha hewa mara 1.78 ili kufika hapo. Tabora hulazimika kuizidisha mara 2.05. Kwa tabo yenye ufanisi wa asilimia 70 na hewa ya kuingia ya nyuzi 30, hesabu hutoa hewa ya nyuzi 108 kabla ya intakula (rejeta inayopoza hewa iliyotoka kwenye tabo) kule Dar, na nyuzi 129 hapa kwetu. Tabo inazunguka kwa kasi zaidi, intakula inabeba joto zaidi, na dereva anaona namba ile ile kwenye skrini akadhani mambo ni yale yale. Fundi aliyenihudumia Dar alilijua hili vizuri. Alipomaliza kazi alizima mashine, akafuta mikono na kuniambia, “Kaka, huko kwenu msiijaze hivi. Hii ni ya hewa ya hapa.” Nilimwitikia kwa heshima, kisha nikapuuza, na nitaeleza yaliyofuata.

Kilichonipeleka kwenye dainamomita

Nilianza na barabara, na nilidhani nimemaliza. Kwa wiki mbili, mimi na rafiki yangu mmoja tulikuwa tukitoka alfajiri kabla jua halijapasha lami, yeye akiendesha, mimi nikiwa na kompyuta magotini na sensa ya oksijeni ya wigo mpana ikisoma moshi. Tulirekodi mizunguko, msukumo, uwiano wa hewa na petroli, cheche, joto la hewa inayoingia na masahihisho ya sensa ya kugonga. Tulikuwa tukivuta gia ya pili, yaani kukanyaga mafuta mpaka chini, kutoka mizunguko 2,500 hadi 6,500, tunasimama, tunasoma, tunarekebisha, tunarudia. Mistari ilinyooka, sensa ilikaa kimya, na plagi zilipofunguliwa zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu.

Nilipofika Dar, fundi hakuanza kwa kuvuta. Aliifunga breki ya mashine ili injini isimame kwenye mizunguko 3,200 hata pedali ikikanyagwa mpaka chini, akavaa vifaa vya masikioni vilivyounganishwa na sensa iliyofungwa kwenye bloku, akasubiri. Baada ya sekunde nne hivi akainua kidole. Mimi sikusikia kitu, lakini kwenye skrini yake kulikuwa na vijiti vyekundu vikisimama kimoja baada ya kingine. Injini ilikuwa inagonga pale pale, katikati ya jedwali langu nililolipenda. Gia ya pili hupita kati ya 3,000 na 3,500 kwa muda mfupi mno, joto la chumba cha mwako halipati nafasi ya kupanda, na kwa hiyo barabara haikuwahi kuniuliza swali hilo. Lakini gari lililobeba watu wanne na mizigo likipanda mlima wa Sekenke kwa gia ya nne lingekaa kwenye mizunguko hiyo hiyo kwa dakika nzima. Alirudisha cheche nyuma, yaani aliichelewesha, kwa nyuzi tatu za mzunguko wa krenki, akakanyaga tena, na vijiti vikalala.

Uwezo wa kulisimamisha gari kwenye kisanduku kimoja cha jedwali na kukaa hapo mpaka mtu aridhike ndio unaoipa dainamomita thamani yake. Unapochagua, uliza kwanza kama mashine yenyewe ina breki ya kubeba mzigo, kwa kuwa zipo ambazo zina pipa zito tu la kuzungushwa. Hizo huweza kupima nguvu wakati wa kuvuta, lakini haziwezi kuishikilia injini mahali. Mashine isiyo na breki haikupi mengi kuliko barabara, isipokuwa usalama. Mwenye gari la magurudumu manne kama Subaru aulize pia kama mapipa ya mbele na ya nyuma yanazunguka kwa mwendo mmoja, vinginevyo difu ya katikati ndiyo italipia tofauti.

Usalama nao si neno dogo. Kwa gia za Forester yangu, mizunguko 6,500 kwenye gia ya pili ni kilomita 90 na kitu kwa saa. Kwenye gia ya tatu, ambayo ndiyo ingetoa kumbukumbu nzuri zaidi, ni karibu 130. Barabara zetu zina vibao vya 50 vinavyoanza kila kijiji, zina ng’ombe wanaovuka bila kupiga honi, na alfajiri ile ile uliyoichagua kwa sababu ya ubaridi ndiyo saa ya baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa bila taa. Barabara ya umma si uwanja wa majaribio, na kwa sababu hiyo sikuwahi kuvuta gia ya tatu mpaka mwisho. Upungufu wa kumbukumbu nilizopata ni gharama niliyoikubali. Tena anayeendesha asiwe ndiye anayesoma kompyuta. Hilo silijadili.

Kuhusu karatasi ya nguvu za farasi ambayo watu huipiga picha na kuituma kwenye makundi, nitasema machache. Mashine mbili tofauti zitatoa namba mbili tofauti kwa gari moja siku moja. Isitoshe, programu nyingi hufanya masahihisho ya mwinuko yaliyotungwa kwa ajili ya injini zisizo na tabo. Ukiyatumia kwa injini ambayo tabo yake tayari imefidia hewa nyepesi, unaongezewa farasi wa kwenye karatasi. Karatasi hiyo inafaa kulinganisha asubuhi na jioni kwenye mashine ile ile, na hapo thamani yake inaishia.

Kile ambacho mashine haikukiona

Sasa upande wa pili. Feni iliyo mbele ya dainamomita, hata iwe kubwa namna gani, si upepo wa kilomita 100 kwa saa. Nilitazama joto la hewa inayoingia kwenye injini likipanda kutoka nyuzi 41 mvuto wa kwanza hadi 60 na zaidi mvuto wa tatu, na fundi akalazimika kusubiri robo saa kila baada ya mivuto miwili. Fundi mwenye haraka angetuni gari lililochemka, akarudisha cheche nyuma bila sababu, na mwenye gari angerudi nyumbani na gari zito akidhani petroli ndiyo mbovu.

Mashine pia haina matuta. Nilirudi Tabora nikiwa na jedwali zuri, nikaendesha kwa wiki moja kwenye barabara za vumbi za mitaani, kisha nikatoka kuelekea Urambo kwa ajili ya kurekodi. Nilipokanyaga, nilisikia mlipuko mdogo kama wa mfuko uliopuliziwa na kupigwa, gari likalegea, na nyuma kukawa na moshi mweusi. Mpira unaotoka kwenye intakula ulikuwa umechomoka, kwa sababu klipu yake ilikuwa imelegea taratibu kwa mtikisiko. Hewa iliyokwisha kupimwa ilikuwa inamwagika nje, huku kontroli boksi ikiendelea kumwaga petroli ya hewa hiyo. Mpira ule ulikuwa umestahimili siku nzima ya mivuto Dar. Nilikaza klipu kando ya barabara chini ya mwembe, watoto watatu wakinitazama, na tangu siku hiyo klipu za kawaida nilizibadilisha kwa zile pana zenye boliti.

Kisha likaja lile nililoonywa. Jedwali la Dar lilikuwa linalenga kilopaskali 180, nami niliacha vile vile. Mwezi wa Oktoba, jua la saa nane mchana, kumbukumbu zilionyesha hewa ya kuingia ikifika nyuzi 70 baada ya mivuto miwili tu, na kontroli boksi ikianza yenyewe kurudisha cheche. Hakuna kilichoharibika, kwa sababu nilikuwa nikitazama. Nilipunguza lengo hadi 165, ambalo kwa hewa yetu ni kuizidisha mara 1.88 tu, joto likashuka, na kwa kweli gari likawa jepesi zaidi kuliko lilivyokuwa na namba kubwa. Rejeta nayo isisahauliwe: kwa mwinuko wa Tabora maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kisichoshika presha, ambacho Pwani kingevumilika, hapa kitakuumbua.

Barabara, basi, hutoa hewa halisi, joto halisi na mtikisiko halisi, na petroli ni ile ile utakayoinunua kila siku. Isitoshe Tabora ni tambarare, kwa hiyo kipande kile kile cha lami hutoa matokeo yanayokaribiana ukikipita kwenda na kurudi ili kufuta upepo. Tambarare hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake, kwa kuwa hakuna mlima mrefu wa kuilazimisha injini kubeba mzigo. Wapo wanaokanyaga breki kidogo huku wakikanyaga mafuta ili kuiga mlima. Nimejaribu mara moja, nikanusa pedi zikiungua, nikaacha.

Gharama na safari yenyewe

Ukitumia gari linalokula lita 12 kwa kilomita 100, kwenda Dar na kurudi ni karibu lita 200 za petroli, na bado hujalala wala hujalipia saa za mashine. Lakini gharama si hoja kubwa kama watu wanavyodhani. Hoja kubwa ni kwamba gari lililobadilishwa nozeli haliwezi kwenda Dar bila kutuniwa. Nozeli kubwa zikiachiwa namba za zamani humwaga petroli kupita kiasi, petroli huosha oili kwenye kuta za silinda, na kilomita 800 za namna hiyo zinatosha kuzeesha injini mpya. Kwa hiyo hata anayechagua dainamomita atapita kwanza kwenye barabara ya nyumbani, busti ikiwa imeshushwa mpaka kiwango cha springi, ili apate jedwali la kumfikisha.

Ipo njia ya tatu, ya kutuma kumbukumbu kwa fundi aliye mbali naye akarudisha jedwali kwa simu. Inafanya kazi iwapo fundi ni makini na wewe ni mvumilivu. Mabadiliko ambayo kwenye mashine huchukua dakika mbili, huku huchukua siku mbili, na fundi hawezi kusikia kile ambacho sensa yako haikuandika. Naiweka chini ya zote mbili, ingawa ni bora kuliko kununua jedwali lililokwisha kutengenezwa kwa gari la mtu mwingine.

Wenzetu wa dizeli

Mwenye Land Cruiser yenye injini ya 1HZ aliyeifungia tabo hahitaji kusumbuka na sehemu kubwa ya haya. Injini hiyo ya lita 4.2 ilitoka kiwandani bila tabo, ikiwa na mgandamizo wa 22.4 kwa moja, na pampu yake haina kompyuta ya kufundishwa. Kutuni kwake ni kugeuza skurubu ya mafuta, kuweka busti ndogo, kilopaskali 50 hivi, na kutazama kipimajoto cha moshi kilichofungwa kabla ya tabo. Mafundi wengi wa dizeli huchukulia nyuzi 700 kuwa kikomo cha mwendo mrefu. Hapa barabara inashinda bila ubishi, na Kigoma ndipo mahali pake: lipakie gari mzigo wake wa kawaida, lipandishe kutoka Mwandiga kuelekea Manyovu kwa gia moja, na utazame sindano inasimama wapi. Moshi mweusi ukiendelea kutoka baada ya tabo kushika, mafuta ni mengi kuliko hewa, na skurubu irudi robo mzunguko.

Uamuzi wangu

Kama ulichobadilisha ni bomba la moshi na chujio la hewa, na tabo ni ile ile ya kiwandani, baki nyumbani. Nunua sensa ya wigo mpana, tafuta fundi anayeweza kusoma kumbukumbu, na utumie fedha za safari kwa klipu, mipira na plagi. Ongeza tahadhari moja tu: acha visanduku vya msukumo wa juu vikiwa na petroli nyingi na cheche ya nyuma, kwa ajili ya siku utakayoshuka Morogoro na kuendelea.

Kama umebadilisha tabo na nozeli, au umeongeza busti juu ya ile ya kiwandani, nenda kwenye dainamomita yenye breki, na umwombe fundi akae kati ya mizunguko 2,800 na 3,800 kwa muda mrefu kuliko anavyokaa kileleni. Kilele ndicho kinachouza karatasi, lakini gari la safari za huku hubeba mzigo katikati. Omba nakala ya jedwali na nenosiri lake kabla hujalipa. Ukirudi, tenga wiki mbili za kurekodi barabarani kwa hewa yetu kabla hujalihesabu kuwa limekamilika, na ubadilishe oili mwishoni mwa wiki hizo.

Gari langu lina majedwali mawili sasa, la 165 na la 180, na swichi ndogo chini ya usukani. Nikisafiri kwenda Dar huwa naibonyeza Dodoma, wakati wa kujaza mafuta, kabla ya kuanza kuteremka kuelekea Morogoro. Nikirudi, naibonyeza pale pale.